Mvua kubwa, majani yanakosa pumzi: kazi ngumu ya kulinda viwanja vya golf

Ukisema "Golf" katika Lubumbashi, watu wengi hawafikirii fimbo wala mpira mdogo mweupe. Wanafikiria kartie, teksi za kwenda huko na bei ya parsele. Lakini mji una kiwanja chake cha golf kweli, na kila mwaka, mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza kukaza, kiwanja cha namna hiyo kinaingia katika miezi yake migumu kuliko yote.

Mtu asiyejua kazi hiyo anaweza kushangaa. Majani si yanapenda mvua? Toka mwezi wa tano hadi wa tisa, Haut-Katanga haipati karibu hata tone, udongo unapasuka na kila mtu anaangalia juu kutafuta wingu. Kisha milimeta 1,200 hivi zinaanguka ndani ya miezi michache tu. Kwa shamba la muhindi hiyo ni baraka. Kwa kiwanja cha golf, ambapo majani yanakatwa mafupi kama nywele za askari na watu wanayakanyaga kila siku, ni hesabu nyingine.

Hesabu yenyewe ni hii. Golf ya mashimo 18 inachukua hekta 50 hivi, na mara nyingi zaidi. Kiwanja cha mpira wa miguu chenye vipimo vya kimataifa, mita 105 kwa 68, hakifiki hata hekta moja. Ni kusema golf moja inameza viwanja vya mpira 70. Mvua moja nzito ya milimeta 50, ile inayofanya wakaaji wa komini ya Katuba waamke usiku kutoa maji ndani ya nyumba kwa sahani, inamwaga juu ya hekta 50 lita milioni 25 za maji. Ukitaka kuyatia katika bido za njano za lita 20, tafuta bido 1,250,000.

Maji hayo yanapaswa kupita mahali. Yakikosa njia, yanakaa. Yakikaa, majani yanaanza kufa, na hapo ndipo watu wengi wanakosea sababu.

Mizizi inapumua

Majani hayafi kwa sababu yamekunywa maji mengi. Yanakufa kwa sababu mizizi imekosa hewa. Ndani ya udongo mzuri kuna matundu madogo madogo. Mengine yanashika maji, mengine yanashika hewa, na mzizi unahitaji yote mawili. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, matundu yote yanajaa maji. Oksijeni inapita ndani ya maji polepole sana, karibu mara 10,000 polepole kuliko inavyopita katika hewa. Mzizi unabaki sawa na mtu aliyefungiwa katika chumba kisicho na dirisha. Siku ya kwanza anavumilia. Siku ya nne anaanza kuoza.

Juu, jani linaweza kuonekana kijani bado. Hiyo ndiyo hatari. Mizizi iliyokuwa na urefu wa kidole inabaki ya urefu wa ukucha, na hakuna mtu anayeiona. Kisha mvua inakatika, jua la saa nane linapiga, na ghafula kiwanja kinageuka manjano kama kilichomwagiwa maji ya moto. Wenye klabu wanapiga kelele kwamba majani yanahitaji kumwagiliwa. Ukweli ni kinyume: maji yako tele pale chini, ila mizizi iliyobaki haina nguvu ya kuyavuta. Kama juu ya hapo dimbwi la maji limebaki mahali pa bonde, jua linalichemsha na majani yanapikwa ndani yake. Mahali hapo patakuwa kipara kwa wiki nyingi.

Sehemu inayoumia kwanza ni ile inayozunguka shimo, ambayo wachezaji huita grini. Pale majani yanakatwa hadi milimeta tatu au nne, ili mpira uteleze kama juu ya meza. Kwa kulinganisha, kwenye kiwanja cha mpira wa miguu yanaachwa milimeta 20 hadi 30. Jani la milimeta tatu halina akiba. Ni kama mtu anayekula mara moja kwa siku; ugonjwa mdogo tu unamlaza kitandani.

Na magonjwa yanakuja. Joto la usiku pamoja na majani yasiyokauka ni kitanda cha vimelea, na kimoja kinachoogopwa sana ni Pythium. Kinapenda usiku wa joto wenye unyevu mwingi, kinasafiri pamoja na maji yanayotiririka na magurudumu ya mashini, na kinaweza kuharibu sehemu kubwa ya grini katika saa 24. Mtunzaji anaacha kiwanja kizuri jioni, asubuhi anakuta madoa meusi yenye utelezi kama mafuta. Dawa zipo, lakini ni bei kali. Tena dawa iliyopigwa kabla ya mvua inaondoka na mvua, na mahali inapofika mwishoni ni mtoni, ambako watu wanaoga na kufua. Jambo hilo linastahili kusemwa wazi zaidi kuliko linavyosemwa katika vilabu.

Mbolea nayo ni vilevile. Anayeona majani yamegeuka manjano wakati wa mvua anakimbilia mfuko wa urea. Sehemu ya naitrojeni inasukumwa chini na maji, nyingine inapotea hewani kwa sababu udongo hauna oksijeni, na ile inayobaki inasukuma majani malaini yanayopendwa na magonjwa. Feza imetoka, na hali imezidi kuwa mbaya.

Kufunga au kufungua

Kazi ngumu kuliko zote wakati wa mvua haifanywi kwa jembe. Ni uamuzi unaochukuliwa asubuhi sana: leo tunafungua, ao tunafunga?

Kipimo cha watunzaji wa zamani ni rahisi. Unatembea juu ya majani na kuangalia kiatu. Kama maji yanatoka kandokando ya soli, udongo umejaa. Mtu mmoja akipita hapo, alama ya mguu itabaki. Watu 60 wakipita hapo pamoja na mikokoteni yao, yale matundu ya hewa yanabanwa, na udongo unakuwa kama tofali bichi. Mvua itaisha mwezi wa tatu, lakini tofali halitaisha. Litakuwa palepale wakati wa kiangazi, na maji ya kumwagilia yatakataa kuingia.

Mashini ya kukata majani ndiyo adui mkubwa zaidi. Zile kubwa zinazoendeshwa na mtu aliyeketi zina uzito wa tani moja na kupita. Zikiingia mahali laini zinachora mifereji miwili mirefu, na kuirekebisha kunachukua siku nyingi za watu wenye majembe. Lakini kuacha kukata pia kuna bei yake. Mvua na joto vinafanya majani yapande haraka, na kanuni ya kazi inasema usiondoe kwa mara moja zaidi ya sehemu moja juu ya tatu ya urefu wa jani. Ukikaa siku kumi bila kukata, kisha ukashusha mashini hadi urefu wa kawaida ili kuwafurahisha wachezaji wa siku ya posho, unabakiza vishina vyeupe visivyo na jani. Ndiyo maana wenye akili wanainua kisu cha mashini mbele mvua hazijaanza, na kwenye grini wanarudia mashini ndogo za kusukuma kwa mkono.

Sasa, upande mwingine wa uamuzi huo ni tumbo la mtu. Katika vilabu vingi vya Afrika, anayebeba mfuko wa fimbo hana mshahara wa mwezi. Analipwa na mchezaji, mzunguko kwa mzunguko. Kiwanja kikifungwa siku tatu, anakaa siku tatu bila kitu, na watoto nyumbani hawajui habari za matundu ya hewa. Mchezaji aliyelipa mchango wake wa mwaka naye anakuja na sauti kubwa. Mtunzaji mkuu, ambaye mara nyingi ni mfanyakazi kama wengine, ndiye anayepaswa kusimama kati yao na kusema hapana. Klabu inayomwachia mtu huyo uwezo wa kufunga, bila kupigiwa simu na mkubwa fulani, inaokoa feza nyingi kuliko ile inayonunua mashini mpya.

Ziko njia za katikati. Kufunga mashimo tisa na kuacha tisa. Kuzuia magari madogo ya wachezaji na kuruhusu miguu peke yake. Kuzungushia kamba mahali pa bonde, na kuhamisha shimo la grini hadi upande ulioinuka. Siku ambazo mchezo umesimama, wale wabeba fimbo wanaweza kupewa kazi ya siku: kusukuma maji kwa rakleti, kuzibua mitaro, kufagia umande, kubeba mchanga kwa pus-pus. Ni feza kidogo, lakini si sifuri, na kazi ya mikono ndiyo hasa inayohitajika wakati ambapo mashini haiwezi kuingia.

Sheria za mchezo zenyewe zinakubali kwamba mvua ipo. Kanuni ya 16 inasema mpira ukiwa katika maji ya muda, mchezaji anaweza kuutoa na kuuweka mahali pakavu palipo karibu bila adhabu. Jinja, inchini Uganda, pale mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria, klabu ya golf ilijulikana mbali kwa sheria ya namna hiyo iliyotungwa hapohapo: mpira ukianguka katika alama ya mguu wa kiboko, uliruhusiwa kuutoa. Watu wanacheka wakisikia hivyo, lakini kiboko juu ya udongo uliolowa anafanya kazi ileile ya mashini ya tani moja. Tofauti ni kwamba kiboko huwezi kumwambia asubiri udongo ukauke.

Hata penye feza, mvua inashinda

Mwaka wa 2010, mashindano ya Ryder Cup kati ya Ulaya na Marekani yalipelekwa Wales, katika Celtic Manor, kwenye kiwanja kilichotengenezwa hasa kwa ajili yao na kufunguliwa mwaka wa 2007. Kiko katika bonde la mto Usk. Wales ni inchi ya mvua na mashindano yalikuwa yamewekwa mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Siku ya kwanza wachezaji walicheza saa mbili hivi tu, kisha mchezo ukasimamishwa kwa saa zaidi ya saba. Kundi la Marekani lilinunua makoti mengine ya mvua kwa sababu yale waliyokuja nayo yalipitisha maji. Wafanyakazi walisukuma maji mchana kutwa. Utaratibu wa michezo ukabadilishwa, na kwa mara ya kwanza katika historia yake Ryder Cup ikamalizika siku ya kwanza ya juma, tarehe 4 mwezi wa kumi. Ulaya ilishinda kwa pointi 14 na nusu dhidi ya 13 na nusu.

Mashindano yalimalizika kwa sababu kulikuwa na mitaro chini ya majani, na watu wengi juu yake. Ukosefu wa kimoja kati ya hivyo viwili ungetosha kuyaharibu.

Namna ya kujenga grini inayovumilia mvua inajulikana tangu zamani. Mwaka wa 1960, shirikisho la golf la Marekani, USGA, lilitangaza vipimo ambavyo vinafuatwa hata leo katika sehemu nyingi za dunia. Unachimba, unaweka mabomba yenye matundu chini kabisa, yasiyoachana zaidi ya mita nne na nusu. Juu ya mabomba unaweka changarawe ya sentimeta 10. Juu ya changarawe, sentimeta 30 za mchanga uliochaguliwa, ao mchanga uliochanganywa na kitu kidogo cha kushika maji. Majani yanaota juu ya mchanga huo, si juu ya udongo.

Kuna ujanja mmoja ndani yake unaofanana na sifongo ya kuoshea vyombo. Sifongo iliyolowa, ukiishika mkononi, inabaki na maji yake. Haiyaachilii hadi yazidi kiasi. Mchanga juu ya changarawe unafanya vilevile: unashika maji ya kutosha mizizi, na mvua ikizidi, uzito wa maji unayasukuma yaanguke katika changarawe na kwenda katika bomba. Kwa hiyo grini moja inavumilia ukame kidogo na gharika pia. Augusta National, kule Georgia, Marekani, wamekwenda mbali zaidi. Chini ya grini zao kuna mashini zinazovuta unyevu na kupitisha hewa kwa mabomba, zinazoitwa SubAir. Hizo tuziache. Umeme wa kwetu haujafika hapo.

Udongo wa kwetu haufanani

Katika mashariki ya Congo hakuna jibu moja, kwa sababu udongo unabadilika kutoka mji hadi mji.

Udongo mwekundu wa Katanga, ukiachwa bila kukanyagwa, unapitisha maji vizuri kuliko watu wanavyodhani. Shida yake ni kukandamizwa. Ukipita juu yake mara nyingi ungali umelowa, unafunga kabisa, na maji yanatembea juu kama juu ya sementi. Dawa yake ni kutoboa: chuma chenye meno matupu kinachotoa vipande vya udongo vya urefu wa kidole, kisha matundu yanajazwa mchanga. Wanaokosa mashini wanatoboa kwa uma wa bustani, mstari kwa mstari. Kazi hiyo ifanywe udongo ukiwa na unyevu kidogo, si wakati umejaa maji. Ukitoboa katika matope unapaka kuta za tundu na kuzifunga zaidi.

Kosa moja linarudi kila mahali, hata katika parsele za watu. Mtu anaona uwanja wake una matope, ananunua mchanga gari moja, anaumwaga juu na kuuchanganya na udongo wa mfinyanzi. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi haufungui kitu. Mwenye kufyatua tofali anajua mchanganyiko huo unatoa nini. Afadhali mchanga huohuo utiwe katika mfereji mwembamba uliochimbwa kuelekea chini, juu ya mawe madogo, ili maji yapate njia.

Bukavu shida si maji kukaa, ni maji kukimbia. Ni mji wa milima na mfinyanzi, na kila msimu wa mvua unaleta habari za nyumba zilizobebwa na udongo. Kiwanja chochote kilichochongwa katika mtelemko kinapokea maji ya kila kitu kilicho juu yake: mabati, barabara, mashamba. Kabla ya kufikiria majani, unachimba mtaro mmoja upande wa juu, unaokata maji na kuyapeleka kando. Bila mtaro huo, mchanga wote uliolipia unashuka ziwani Kivu.

Goma ni kinyume chake. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, mengine ya mwaka wa 2002, mengine ya 2021. Maji hayasimami, yanapotea kati ya mawe kama katika kikapu. Lakini udongo wenyewe ni mwembamba, na mbolea inapotea pamoja na maji. Anayetaka majani pale anapaswa kuleta udongo, ao kungoja miaka mingi.

Na ziko sehemu ambazo hakuna mtaro unaosaidia. Mwaka wa 2024 maji ya ziwa Tanganyika yalipanda yakaingia katika kartie za Uvira na Kalemie, na ng'ambo katika Bujumbura. Mtaro unafanya kazi tu kama mwisho wake uko chini kuliko mwanzo wake. Ziwa likipanda hadi kwenye mdomo wa bomba, bomba linaanza kuleta maji badala ya kuyatoa. Hapo mtunzaji anaweka rakleti chini na kungoja ziwa.

Kuna jambo jingine linalohusu watu kuliko majani. Utafiti uliotangazwa mwaka wa 2016, uliotumia vyombo vya satelaiti ya NASA, uliweka Kabare, katika Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela. Mtu aliyesimama katikati ya uwanja mpana, na fimbo ya chuma mkononi, hapaswi kungoja kusikia ngurumo ya pili. Klabu zenye utaratibu zina king'ora, na kikilia kila mtu anatoka, hata kama alibakiza sentimeta kumi kufikia shimo. Hilo ni sawa kwa watoto wanaocheza mpira nyuma ya shule.

Kwa mpira wa miguu, wengine wamechagua kuachana na majani kabisa. Uwanja wa TP Mazembe katika Kamalondo umetandikwa majani ya plastiki, na mvua za Lubumbashi hazisimamishi mazoezi. Golf haiwezi kufuata njia hiyo kirahisi. Hakuna anayeweza kutandika plastiki juu ya hekta 50, na hata angeweza, mchezo wenyewe umejengwa juu ya namna mpira unavyokaa katika majani.

Kwa hiyo kinachobaki ni kuchagua majani yanayofaa, na hapa Afrika haina haja ya kuomba. Ukoka, ule wanaosema Kifaransa wanauita chiendent na wanaosema Kinyarwanda urucaca, ndio ambao mkulima anaung'oa kwa hasira shambani kwake. Wataalamu wa Tifton, Georgia, waliuchukua, wakauchanganya na ndugu yake wa Afrika Kusini, na toka miaka ya 1950 wakatoa aina zinazotandikwa leo katika viwanja vingi vya golf vya inchi za joto. Unavumilia kukatwa chini, unajifunga wenyewe mahali palipochanika, na unapenda jua. Kitu usichopenda ni kivuli. Miti mizuri iliyopandwa karibu na grini, inayopendwa na wachezaji wakati wa kiangazi, ndiyo inayozuia upepo na jua la asubuhi wakati wa mvua, na majani yanabaki yamelowa hadi saa sita. Kupunguza matawi kabla ya mwezi wa kumi ni dawa ya bei ndogo kuliko zote, na ndiyo inayoleta ugomvi mwingi kuliko zote.

Wa pili ni ule unaoitwa kikuyu. Jina lilitoka Kenya, lakini mmea ni wa milima yote ya Afrika ya mashariki, na huku kwetu ndio unaofunika malisho ya Masisi, ambako ng'ombe wanaula mwaka mzima chini ya mvua. Shina lake linatambaa na kushika udongo wa mtelemko. Kwa sababu hiyohiyo ulipelekwa California mwanzoni mwa karne ya 20, kuzuia mmomonyoko. Ulipofika, haukukubali kutoka. Riviera, klabu kubwa ya Los Angeles, ilijikuta nao katika njia zake za mchezo, na mwishoni ikauchukua kuwa sifa yake. Wachezaji wakubwa wa dunia wanajua kwamba pale mpira unakaa juu ya majani kama juu ya brashi.

Mwaka wa 2028, golf ya Michezo ya Olimpiki itachezwa hapo Riviera, juu ya majani ambayo mchungaji wa Masisi angeyatambua bila kuambiwa. Watunzaji wake watakuwa na shida nyingi, lakini si hii ya kwetu. Mwezi wa saba, Los Angeles karibu haipati mvua.